Maumivu Yasiyokwisha na Gharama ya Kuyatibu

Ndugu zetu Waislamu wa Gede na jirani zake,

Katika mji wetu huu ni nadra nyumba isiyokuwa na mtu anayelalamika mgongo, au kiuno, au kichwa, mwaka hata mwaka. Wachonga mawe walijua jambo hili, na wagema walijua, na mama zetu walioinamia jiko na kisima tangu utotoni walijua zaidi. Matabibu wa zama hizi wanasema kuwa maumivu yakipita miezi 3 hayahesabiwi tena kuwa ni alama ya jeraha peke yake. Yenyewe huweza kuwa ndiyo maradhi. Na katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 1 Januari 2022, maradhi hayo yamepewa mahali pake.

Mfano wake ni mlinzi aliyeingiliwa na mwizi usiku mmoja. Mwizi amekwisha kwenda zake, naye mlinzi angali akipiga kelele kila jani linapoanguka. Mishipa ya fahamu ndivyo inavyokuwa, na huzuni, na khofu, na deni, na kukosa usingizi huizidishia kelele. Kwa sababu hii, pamoja na dawa na mazoezi ya viungo, mgonjwa hupelekwa kwa mtabibu wa nafsi. Huketi naye kikao baada ya kikao, akamfundisha kuitambua khofu yake, na kuzirudia kazi zake kidogo kidogo, na kuupata usingizi wake.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Twawauliza: Je, hawaisomi Surat Yusuf? Nabii Yaakub (a.s.) macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya mwanawe. Basi nani atakayekanusha kuwa huzuni huufikia mwili? Na yeye huyo, aliyesifika kwa subira njema, hakuifungia huzuni yake kifuani, bali aliishtakia kwa Mola wake. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, akabainisha humo kuwa kimoja kikiugua na cha pili huugua. Elimu hii ilikuwa yetu kabla ya kuwa ya wengine; sisi ndio tulioiacha.

Na mgonjwa akiambiwa aende kwa mtabibu wa nafsi, asidhani kuwa anatuhumiwa wazimu, wala kwamba anaambiwa maumivu yake ni ya uwongo. Maumivu ni ya kweli. Wala hatutaki kumdanganya mtu kwamba tiba hii huyaondoa yote. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya majaribio 75 na wagonjwa zaidi ya 9,000, uliona kuwa faida yake katika maumivu na katika uwezo wa kufanya kazi ni ndogo, lakini ipo. Mtu aliyelala chini miaka sita, faida ndogo si ndogo kwake.

Sasa tuje kwenye gharama, kwani hapo ndipo penye msiba. Mtabibu wa nafsi kwa kawaida yuko katika miji mikubwa, na kikao kimoja cha binafsi huweza kufika shilingi elfu kadhaa. Tukadirie kuwa ni 3,000, na vikao ni kumi: hizo ni 30,000, mbali na nauli ya kwenda Mombasa na kurudi kila juma, karibu kilomita 100 kwenda tu, na mbali na kibarua kinachopotea siku hiyo. Bima ya SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tangu 1 Oktoba 2024, hutaka mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na ni vyema kila mtu ajiandikishe. Walakini kadi ya bima haimleti mtabibu mahali asipokuwapo.

Basi maskini wetu hufanya nini? Hununua vidonge vya maumivu dukani kila siku, mpaka vikamdhuru tumbo na figo. Vikishindwa, huenda kwa mganga. Hapo ndipo panaposikitisha, kwani yule yule anayesema hana 30,000 huzipata, na zaidi yake. Twamjua mchonga mawe mmoja, aliyeambiwa kuwa mgongo wake umekaliwa na pepo. Kwanza alitoa ada ya bao. Kisha mbuzi, na nguo, na marashi. Kisha ngoma ya siku kadhaa, na watu wale na kunywa kwake. Aliiweka rehani minazi yake. Ngoma ilipokwisha alipata nafuu siku chache, kwa kuwa watu walimzunguka na kumsikiliza, jambo ambalo hakuwahi kufanyiwa hapo kabla. Halafu maumivu yakarudi, na mganga akasema pepo ni wawili. Minazi mpaka leo haijakombolewa.

Ndugu zetu, itazameni nafuu ile ya siku chache. Alichokuwa akikitafuta mtu yule ni kusikilizwa, nasi tulimwacha akinunue kwa shirki. Mtume (s.a.w.) amehadharisha kuwa mwenye kumwendea kahini na kumuuliza, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Khasara ya minazi yahesabika. Hii nyingine ni nani awezaye kuihesabu?

Watatujibu kuwa sahaba alimsomea Fatiha mtu aliyeumwa na nge au nyoka, akapewa kondoo. Ni kweli, wala hatuikatai ruqya ya Qur'ani. Lakini walipatana, mgonjwa akapona, ndipo kondoo wakatolewa. Waganga wa leo huanza na kondoo.

Dawa ya gharama hii imo mikononi mwetu. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Kairo katika miaka ya 1284 na 1285, aliiwekea wakfu, mgonjwa akitibiwa bure, tajiri na fakiri, mwanamume na mwanamke. Sisi hatuna mali ya masultani, lakini tuna zaka. Katika madhehebu yetu ya Kishafii fakiri ni yule asiye na cha kumtosha katika mambo yanayomlazimu; na aliyelazwa na mgongo, haimlazimu tiba? Twatoa sadaka nyingi za pilau maulidi hata maulidi, na kando ya uwanja yuko mtu asiyeweza kuketi chini ale.

Wala si lazima kila kikao kiwe cha mtabibu mkubwa. Huko Nairobi wahudumu wa afya wa mitaani, wasiokuwa matabibu, walifundishwa njia iitwayo Problem Management Plus ya Shirika la Afya Duniani, yenye vikao vitano. Jaribio lililotangazwa mwaka 2017, kwa wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya nafsi, lilionyesha kuwa dhiki yao ilipungua. Hilo lilikuwa juu ya dhiki, si juu ya maumivu. Walakini tumekwisha ona jinsi viwili hivyo vinavyofuatana.

Kwa hivyo darsa yetu imeazimia mambo mawili. La kwanza, kuiomba zahanati imfundishe kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike njia hiyo, nasi tuwalipie nauli na siku zao za kazi. La pili, kufungua kisanduku baada ya sala ya Ijumaa, kwa nauli na ada za wale watakaoandikiwa na daktari waende Malindi au Mombasa. Hesabu itabandikwa mlangoni kila mwezi. Majina ya wagonjwa yatakuwa kwa imamu na kwa mama mmoja wa upande wa wanawake tu, wala hayatasomwa msikitini.