Ushuru wa Kumjulia Hali Mgonjwa

Jirani yetu mmoja hapa London, bi mkubwa aliyezaliwa Mombasa, miguu haimbebi tena. Siku zake nyingi humpitia kitini. Wiki hii nilikuwa kwake binti yake alipopiga simu. Binti anaishi Leicester, hufanya kazi ya zamu, na Jumatano hiyo mchana alikuwa na nafasi ya kuja kumwona mamake. Bi mkubwa akamjibu, "La, mwanangu, vocha zimeniishia. Njoo baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni." Jioni hiyo binti alikuwa na zamu ya usiku. Hakuja.

Vocha zenyewe ni za maegesho. Katika mitaa mingi ya miji ya Uingereza, mkaazi mwenye gari hulipia kibali ili aegeshe karibu na kwake, na mgeni wake huhitaji vocha kwa saa ambazo sheria inafanya kazi. Kila halmashauri ina bei yake. Na ukishalipa hujahakikishiwa nafasi: umeruhusiwa kuitafuta tu, na ukikuta mtaa umejaa, zunguka.

Najua nitakavyojibiwa. Barabara ni mali ya umma, na gari lililolala nje ya nyumba ya mtu limekalia ardhi ambayo jirani asiye na gari naye anaitolea kodi. Mbona yeye amgharamie mwenziwe? Hoja hiyo naikubali, tena bila kinyongo. Bila vibali, mitaa iliyo karibu na stesheni za treni ingejaa tangu alfajiri magari ya watu wanaokwenda kazini mjini, na wenyeji wangekosa pa kusimama. Kuna michoro ya kupaka, alama za kusimamisha, wakaguzi wa kulipwa. Gharama hizo mwenye gari azibebe.

Ugomvi wangu unaanza pale ada inapogeuzwa chanzo cha mapato. Kisa cha Barnet, kaskazini mwa London, kinafaa kukumbukwa. Mwaka 2011 halmashauri ya huko ilipandisha kibali cha gari la kwanza kutoka pauni 40 hadi pauni 100 kwa mwaka, na vocha ya mgeni kutoka pauni 1 hadi pauni 4. Wakaazi walikasirika, na suala likafika Mahakama Kuu. Tarehe 22 Julai 2013, Jaji Lang aliamua kwamba nyongeza ile haikuwa halali. Sheria ya barabarani ya mwaka 1984 inaipa halmashauri mamlaka ya kupanga maegesho na mwendo wa magari. Haikuipa mamlaka ya kutoza ada kwa nia ya kupata fedha za ziada za kugharamia mambo mengine.

Hapo ndipo wengine huniambia: lakini fedha zile zilikusudiwa mambo mema! Ni kweli, zilikuwa za kukarabati barabara, na hata za kulipia nauli za wale wanaosafiri kwa nafuu, wazee wakiwemo. Basi nami nauliza, kama jambo ni jema, kwa nini lisiwekwe kwenye kodi ya wote, likajadiliwa hadharani, diwani akalipigia kura uso wake ukionekana? Kumtoza mgeni wa mzee huyu ili mzee yule apande basi si ukarimu.

Kule Ujerumani, mji wa Freiburg uliwahi kupandisha kibali kutoka euro 30 hivi hadi euro 360 kwa mwaka kwa gari la urefu wa kawaida. Juni 2023 mahakama ya juu ya utawala, Leipzig, iliitengua kanuni hiyo. Lakini majaji hawakusema kwamba euro 360 ni nyingi mno. Kasoro waliiona katika namna kanuni ilivyotungwa na jinsi ilivyotofautisha walipaji. Kwa hiyo sipigi kelele kwamba kila bei kubwa ni dhulma. Mwenye magari mawili makubwa katikati ya jiji na alipe sana, sina neno.

Mgeni ni habari nyingine. Mwenye gari anaweza kuamua kuliuza. Mgonjwa hawezi kuamua kutohitaji watu. Sisi tumelelewa tukiambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa mtu asiyeweza kutoka nyumbani maneno hayo ni ya kweli kabisa. Usinitajie kadi ya maegesho ya wenye ulemavu, kwani hiyo hutumika mwenye kadi anaposafiri na gari. Binti anayekuja peke yake kumtembelea haimsaidii kitu.

Ninachotaka ni kwamba kila mkaazi asiyeweza kutoka nyumbani kwa uzee au maradhi apewe vocha za wageni bure, za kumtosha mwaka mzima, na za karatasi kama hajui kutumia simu. Watasema watu wataziuza. Wapo watakaoziuza, na hao wasakwe na wapigwe faini. Namba ya gari inaonekana, na wakaguzi wanapita mitaani kila siku. Wanajua kulinasa gari lililozidisha dakika chache. Hawashindwi kuligundua lile linaloegeshwa kila asubuhi kwa vocha ya mgonjwa, mwenyewe akiwa kazini mjini.