Homoni Hazitoi Fatwa

Je, mzunguko wa hedhi unaweza kutuambia lipi ni halali na lipi ni haramu katika kupanga uzazi? Mwaka 1963 John Rock, daktari Mkatoliki wa Boston aliyeshiriki kuvifanyia majaribio vidonge vya kwanza vya majira, alichapisha kitabu The Time Has Come. Alitetea kwamba vidonge hivyo haviendi kinyume cha maumbile, kwani vinafanya kazi kwa homoni za aina ileile ambayo mwili hutumia kuzuia yai lisipevuke. Mwaka 1968 Papa Paulo VI, katika waraka wa Humanae Vitae, alivikataza, akawaruhusu wanandoa wenye sababu nzito kutumia siku ambazo mwanamke hashiki mimba. Pande zote mbili ziliyaita maumbile kuwa shahidi. Naamini shahidi huyo hana uwezo wa kuamua kesi hii.

Tuutazame mzunguko wenyewe. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa homoni zinazokuza vifuko vya mayai katika ovari. Kifuko kinachokua hutoa estrojeni, ambayo kwa siku kadhaa huidhibiti pituitari. Estrojeni ikipanda na kubaki juu kwa takriban siku mbili, kazi yake hugeuka: sasa huichochea tezi ileile, homoni iitwayo LH hufurika, na baada ya saa 36 hivi yai hutoka. Mabaki ya kifuko hutoa projesteroni, inayouandaa mji wa mimba na papo hapo kuzuia yai jingine lisipevuke. Mimba isipotunga, mabaki hayo hunyauka baada ya wiki mbili hivi, projesteroni hushuka, hedhi huanza. Mama anayenyonyesha usiku na mchana naye huweza kukaa miezi kadhaa bila yai kupevuka. Basi mwili huuandaa uzazi na pia huuzuia. Anayesikia amri ya kuzaa tu, au ruhusa ya kidonge tu, amesikia nusu ya habari.

Mtetezi wa waraka atasema: mwili kujizuia wenyewe si sawa na mtu kuuzuia kwa makusudi. Ni hoja nzito, nami naikubali kuwa halali. Lakini hiyo ni hoja ya matendo na nia, na hakuna homoni inayoithibitisha wala kuikanusha. Kwa sababu hiyohiyo, utetezi wa Rock nao hautoshi: kidonge kuiga mwili hakukifanyi kiwe chema. Wengine watahofu kwamba tukisema hivi, kila kitu kitaruhusiwa. Sivyo. Ukweli wa mwili hutuwekea wajibu: vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, na kumficha mwanamke jambo hilo ni dhuluma kwa imani yoyote.

Muumini anayetakiwa kuamua anastahili kuelezwa mambo mawili, kila moja kwa jina lake: mwili wake unafanyaje kazi, na dini yake inadai nini, kwa sababu gani. Fundisho likisimama kwa hoja zake lenyewe, anaweza kulipima na kulifuata kwa hiari. Likivikwa vazi la biolojia, ananyimwa nafasi hiyo.