Asiyekuwepo na Lake Halipo?

Mwaka jana mwanangu wa tatu, ambaye ni mhadhiri wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, alikuja Nyakatuntu kumuuguza mama yake. Hakuja kwa likizo. Mkuu wa idara yake alimruhusu akae nyumbani miezi miwili, huku akisimamia tasnifu za wanafunzi na kusahihisha kazi zao kwa intaneti. Mawasiliano yakififia, alipanda kilimani juu ya kibanja, akasimama chini ya mti na simu sikioni. Siku ya nne jirani yangu, aliyekuwa akianika kahawa, aliniita kando akaninong'oneza: "Mwalimu, kijana wamemfukuza kazi?"

Nilicheka, lakini swali lile halikuniacha. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, nami nilikuwa mwalimu mkuu kwa zaidi ya miaka ishirini nikiamini hivyo. Kila asubuhi saa moja na nusu nilipiga mstari mwekundu katika daftari la mahudhurio. Aliyetia sahihi chini ya mstari alijieleza. Je, mtu anayelipwa mshahara anaweza kusema yuko kazini, hali mwajiri wake hamwoni?

Ndugu msomaji, tusidhani kwamba jambo hili limeletwa na kompyuta. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilikusudia kila mtoto apate shule ya msingi ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini kwa miaka mitatu. Walifundisha madarasa ya chini huku wakisoma kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na wakufunzi wakiwazungukia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza 1994, kilisimama juu ya wazo hilohilo, kwamba mwalimu na mwanafunzi wanaweza wasionane kila siku na elimu ikafika. Na vyuo vikuu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hata wahadhiri waliozoea ukumbi wa mihadhara walilazimika kulifikiria.

Mimi nilikuwa mmoja wa wakufunzi wale wa baiskeli, nami nina deni la kukiri. Mwaka 1980 mazoezi ya vijana wanne yalilala katika sanduku chini ya kitanda changu kwa wiki saba. Katika wiki hizo sikukosa kazini hata siku moja. Jina langu lilikuwa juu ya mstari mwekundu kila asubuhi. Kisha mmoja wao, binti mdogo, alitembea nusu siku akaja kusimama mlangoni pa ofisi yangu. "Mwalimu," alisema, "nimekuja kuuliza kama nimekosea sana hata usinijibu."

Tulilitoa sanduku, tukasoma pamoja. Alikuwa amekosea namna ya kukopa katika hesabu za kutoa. Na kwa kuwa hakuna aliyemsahihisha, kwa wiki saba alikuwa amelifundisha kosa hilo darasa la pili zima. Mimi nilikuwepo, langu halikuwepo.

Tangu siku ile najua kwamba daftari la mahudhurio hupima miguu tu. Lakini sisemi kwamba mahali si kitu. Mlinzi wa lango na mhudumu wa maabara hawawezi kwenda na kazi yao nyumbani, na uhuru wa mhadhiri usigeuke mzigo wa mwenzake aliyebaki chuoni. Yapo pia mambo ambayo hutakiwa uso kwa uso: mwanafunzi aliyekata tamaa hajielezi kwa barua. Kwa hiyo nilimuuliza mwanangu, "Zamu yako ya kuonana na wanafunzi anaibeba nani?" Akajibu, "Mwenzangu, Baba. Nami namsahihishia mitihani yake." Nikamuuliza tena, "Na yule asiye na fedha ya kununua muda wa intaneti?" Hapo alinyamaza. Kesho yake nilimsikia kilimani akimsomea mwanafunzi mmoja masahihisho kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa salio lake mwenyewe.

Jioni ile nilimrudia jirani yangu. Nilimwambia, kijana hajafukuzwa. Lakini ukitaka kujua kama yuko kazini, usiniulize mimi ninayemwona kila siku. Waulize wanaomsubiri.