Ajali na Kinga

Upo usemi ambao kila mtoto wa pwani huusikia kabla hajajua maana yake: ajali haina kinga. Husemwa jahazi likizama, mkwezi akianguka mnazini, gari likipinduka katika njia ya Malindi. Husemwa kwa sauti ya chini, na baada ya kusemwa aghalabu hapana mtu anayeongeza neno. Asili ya neno lenyewe ni Kiarabu, na huko lilikuwa na maana ya muda uliokadiriwa, yaani siku ambayo mtu ameandikiwa kufa. Basi anayesema ajali haina kinga asema, pengine bila ya kujua, kwamba siku ya mtu ikifika haizuiliki. Mimi nami nimeusema usemi huu mara nyingi, na siku moja nilijibiwa.

Sisi wa Kikambala twakaa juu ya jiwe. Chini ya udongo kidogo pana mwamba wa matumbawe, ambao zamani ulikuwa ndani ya bahari, na kutoka Mtwapa hadi Vipingo watu huukata mawe ya kujengea nyumba. Katika timbo ninalolikusudia, mwamba ni mgumu juu na mwororo zaidi chini. Kwa hiyo mkataji huvutwa kuufuata ule ulaini: hukata mbele, hukata ndani, na jiwe gumu hubaki juu ya kichwa chake kama dari. Huo si mgodi wa kushuka futi elfu chini ya ardhi. Lakini mtu akiisha kuwa na dari ya jiwe juu yake, tofauti iliyobaki ni ya kina tu.

Kijana mmoja niliyemfundisha aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaenda kufanya kazi katika timbo hilo. Baba yake alikuwa amefariki, na nyumbani walikuwako wadogo zake. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, ukingo wa jiwe ulimwangukia, mguu wake wa kushoto ukasagika. Madaktari waliukata chini ya goti. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta mama yake amekaa juu ya benchi nje ya chumba cha wagonjwa. Nilimpa pole, kisha, kwa kuwa sikuwa na neno jingine, nikasema, "Mama, ajali haina kinga."

Aliniangalia kwa muda. "Mwalimu," akasema, "kinga ilikuwako. Ni magogo mawili ya mvinje. Waliyaomba tangu mvua za mwaka jana, wakaambiwa gogo ni fedha."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na tangu siku ile nimeuuliza usemi wetu maswali ambayo sikupata kuuliza kabla. Hivi kweli kila tuliitalo ajali ni ajali? Yako mambo ambayo hapana binadamu aliyeweza kuyajua kabla hayajatukia. Yako mengine yaliyojulikana, lakini hayakuwa na dawa. Kisha yako yaliyojulikana na dawa yake ikajulikana, nayo ikaachwa kwa sababu ya gharama. Mambo ya kwanza na ya pili sina ugomvi nayo. Wazee wetu waliotunga usemi walikuwa watu wa bahari, na mwenye kuijua bahari ana haki ya kunyenyekea. Ugomvi wangu ni wa haya ya tatu, ambayo huvaa nguo za yale ya kwanza akasitirika mwenye kosa.

Tazama yaliyotukia Mererani, kaskazini mwa Tanzania, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti. Mwaka 1998 mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi. Maji yaliingia mashimoni na makumi ya wachimbaji wakafa chini ya ardhi. Mvua haikuletwa na mtu. Lakini mashimo ya Mererani huungana chini kwa chini, maana kila mwenye shimo huufuata mshipa wa vito popote uendapo, hata akatokea kwa jirani yake. Hivyo maji yaliyoingia kwa mmoja yaliwafikia wengi. Mvua ilikuwa ya Mungu, njia ya maji ilikuwa ya mikono ya watu. Mwezi wa Machi mwaka 2008, miaka kumi baadaye, maji yaliingia tena, na makumi wengine wakafa mahali pale pale. Mara ya kwanza mtu anaweza kusema hatukujua. Mara ya pili atasema nini?

Atasema, "Walikubali wenyewe." Hii ndiyo hoja kubwa ya wenye migodi, na si haki kuipuuza, kwani ina sehemu ya kweli. Hapana aliyemfunga kamba yule kijana akamburura timboni. Wanaapolo wa Mererani wengi wameshuka bila ya mshahara, kwa tumaini la fungu lao siku jiwe litakapoonekana. Na hatumlaumu mtu yeyote kwa mkwezi anayepanda mnazi wa futi sitini bila ya kitu ila kamba ya miguuni.

Nimeifikiri sana tofauti ya mkwezi na mchimbaji, na nafikiri ni hii. Mkwezi autazama mnazi wake, autikisa, na kama upepo ni mkali huahirisha kazi mpaka kesho. Anayeamua ndiye atakayeanguka. Katika mgodi anayeamua hukaa mdomoni mwa shimo, na atakayeangukiwa yuko chini. Hatari imewekwa kwa mmoja na hiari kwa mwingine. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook nchini Afrika Kusini, dari iliporomoka ikawazika watu 435, wengi wao wageni waliotoka Lesotho na Msumbiji, na miili yao iko humo hata leo. Saa chache kabla ya hapo sehemu nyingine ya dari ilikuwa imekwisha anguka. Watu waliogopa wakakimbilia mlango wa kutokea, na waliookoka walieleza kwamba wako walioamriwa warudi kazini. Nauliza, kukubali kwao kulikuwa wapi? Walikuwa wamekubali asubuhi, wakakataa mchana, na kukataa kwao hakukuhesabiwa.

Kukubali ambako hakuna ruhusa ya kubadilika ni kitu kingine, si kukubali. Nadhani watunga sheria waliliona jambo hili. Katika Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa iliyo karibu, na mwenye kazi hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo mpaka hatari imeondolewa. Hayo yamo katika maandishi. Timboni, kijana anayelipwa kwa idadi ya mawe aliyokata huyajua maandishi mengine: siku asiyokata, hali.

Sitaki msomaji adhani kwamba wafanyakazi ni malaika. Nimewaona kwa macho yangu wakivua kofia ya chuma kwa sababu ya joto, na wakikata mguu wa jiwe walioambiwa wauache ushikilie dari, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mawe mazuri kumi au kumi na mawili. Sheria ya fidia, nayo ya mwaka 2007, yasema kwamba aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi hana haki ya kulipwa. Lakini yaongeza kwamba akifa au akipata ulemavu mkubwa, fidia ni haki hata hivyo. Wanafunzi wangu walipolisikia jambo hili walicheka, wakaona sheria yajipinga yenyewe. Mimi naona ina busara. Mtu aliyechoka hukosea, mwenye njaa hukosea, na kijana wa miaka 18 hukosea akiwa ameshiba na amelala vizuri. Kinga inayomfaa mtu asiyekosea kamwe haimfai mtu yeyote.

Fidia ya anayekufa au kulemaa kabisa huhesabiwa kuwa mapato ya miezi 96. Hapo pana swali ambalo sijaweza kulimaliza: mguu wa mtu wapimwaje kwa miezi? Haupimiki. Wala sidhani kuwa fedha ile ni bei ya mguu. Kazi yake ni kumlisha aliyeumia. Na pengine, gogo likiwa rahisi kuliko mguu, mwenye timbo atanunua gogo. Hesabu hiyo ni chafu kidogo, nakiri, maana yamtaka mtu atende wema kwa ajili ya mfuko wake. Lakini yule aliye chini ya dari hataulizia nia ya gogo.

Jambo jingine lanishangaza katika tabia yetu. Mwaka 2015, huko Nyangarata katika wilaya ya Kahama, wachimbaji wa dhahabu walifukiwa na shimo, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, vyura na wadudu. Watu walilia kwa furaha, na walistahili kulia. Kwa mtu aliyefukiwa tunayemjua jina hatuhesabu gharama. Kwa yule atakayefukiwa kesho, ambaye bado hana jina, twaanza kuuliza bei ya magogo.

Nasema "sisi" kwa sababu. Nyumba ninayokaa niliijenga kwa mawe ya timbo lile. Nilipokwenda kuyanunua, nilishindana na mwenye timbo bei ya kila jiwe kwa asubuhi nzima, nikapunguziwa shilingi mbili, nikarudi nimefurahi kwa ushindi. Sikuuliza zile shilingi mbili zimetoka wapi. Huenda zilitoka katika faida yake. Huenda zilitoka katika mvinje. Sijioni kuwa ni mimi niliyeuangusha ukingo, na atakayeniambia hivyo nitamkatalia. Lakini nilipomweleza yule mama habari ya kinga, nilikuwa nazungumza naye nikiwa na nyumba iliyokwisha.

Kijana sasa huandika idadi ya mawe katika daftari mlangoni mwa timbo, maana hati yake ilikuwa nzuri tangu shuleni. Juma lililopita nilipita pale kumsalimu. Magogo mawili yalikuwa yamesimama chini ya ukingo. La tatu lilikuwa limelazwa kando, na mkataji mmoja alikuwa amelikalia akila chakula chake cha mchana. Nilimwuliza gogo lile litasimamishwa lini. Akasema wanangoja kuambiwa mahali pa kuliweka.