Neno la Mzee Ni Mali ya Nani?

Mzee akisimulia habari za kale, na kijana akaziandika katika daftari, neno hilo sasa ni mali ya nani? Ndugu wasomaji, swali hili latuhusu sisi wa Kirungu. Wazee wajuao habari za Watabwa wanapungua, na wenye kalamu wanaongezeka.

Katika nchi ya Ufini, kaskazini ya Ulaya, daktari mmoja jina lake Elias Lönnrot alizunguka vijijini akiandika nyimbo za kale. Mwaka 1835 alizitoa katika kitabu kiitwacho Kalevala. Mwaka 1849 akakikuza, kikawa na nyimbo 50 na mistari 22,795. Wafini walikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na kitabu hicho kiliwafundisha kuiheshimu lugha yao. Lakini tujue vema: Lönnrot alizipanga nyimbo za waimbaji wengi na kuziunga. Hakuna mwimbaji hata mmoja aliyeimba Kalevala nzima kama ilivyo kitabuni.

Kwetu Kongo, mwaka 1956, mzee Shekarisi Rureke wa kabila la Banyanga, huko Kivu, alimsimulia Daniel Biebuyck habari za Mwindo. Mtoto huyo alichukiwa na baba yake hata akataka kumwua. Naye mwisho akamsamehe, wakagawana utawala. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa habari hiyo kitabuni, na jina la Rureke limo.

Wengine husema: «Hata wazee hubadili hadithi kila wanapoisimulia. Basi mwandishi akibadili, ana kosa gani?» Neno hili lina nguvu, lakini halitoshi. Mzee hubadili mbele ya watu. Wenzake wameketi pale motoni. Akipotoka watamkatiza na kumsahihisha. Mwandishi hubadili peke yake, na mzee akiisha kufa, nani atamjibu? Kwa hiyo deni la mwandishi ni kubwa kuliko la msimulizi.

Deni hilo lalipwaje? Kwanza, aandike jina la mzee na la kijiji chake. Pili, akiunga habari mbili, aseme wazi kwamba ameziunga. Kuunga si dhambi, kuficha ndiko udanganyifu. Tatu, asifute yale yanayomwonea haya. Tukifuta baba aliyetaka kumwua Mwindo, msamaha wa mwana utakuwa na maana gani? Nne, akiisha kuandika, arudi kijijini akasome maandiko yake mbele ya wenyewe, wapate kumsahihisha.

Wakristo wengine huogopa wakidhani kwamba habari za kale ni za kipagani zote. Wamkumbuke Padri Stefano Kaoze, Mtabwa, aliyepewa upadri mwaka 1917 hapa Kirungu, palipoitwa Baudouinville zamani, akawa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Alipokuwa bado mseminari aliandika juu ya mawazo na desturi za watu wake, na maandiko yake yalianza kutolewa mwaka 1910. Wito wake haukumzuia.

Basi neno la mzee ni la mzee na la watu wake. Mwandishi amewekewa amana tu. Ninyi vijana mnaojua kusoma, nendeni kwa babu na bibi zenu wangali hai. Na katika mstari wa kwanza wa daftari, kabla ya hadithi yenyewe, andikeni jina la anayesimulia.