Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Mwenyeji Yupi?

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba mzee fulani wa mtaa wetu amesafiri mpaka Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika ya Kusini, kumwona mwanawe anayesoma au kufanya kazi. Na afikapo, kabla hajapumzika vizuri, huambiwa: "Kesho, baba, tutakupeleka kwenye mashamba ya mizabibu." Hapo ndipo swali linapozuka. Mashamba yanayopokea wageni katika nchi ile ni mamia, na siku ni moja. Mwenye busara haonji katika nyumba zaidi ya tatu au nne kwa siku, kwa kuwa baada ya hapo ulimi hautofautishi tena kitu, na kichwa nacho huanza kuwa na habari zake. Basi achague zipi, na aache zipi?

Wako watakaosema kwamba hili ni swali la anasa, lisilostahili kurasa zetu. Sisi twaliona ni swali la maadili, nalo lawahusu hata wasioonja kileo kabisa. Kila mtu aendaye kutazama mahali pa watu wengine, pawe shamba la chai au hoteli ya pwani, huchagua mlango wa kuingia. Twataka kuuliza achague kwa kipimo gani.

Tuanze na vipimo vinavyotumiwa na wengi. Cha kwanza ni ulimi. Apendaye mvinyo mwekundu huenda Stellenbosch, kilometa 50 hivi kutoka Cape Town, ambako mwaka 1925 Profesa Abraham Perold alichanganya aina mbili za mizabibu akapata ya tatu, iitwayo Pinotage. Apendaye mvinyo wa zabibu zilizoiva polepole katika ubaridi hupanda kwenda Elgin. Apendaye mtamu huelekea Constantia, ambako mvinyo wa kale ulisifiwa hata Ulaya, na Napoleon akaunywa uhamishoni katika kisiwa cha St Helena. Kipimo cha pili ni macho. Hapo wengi huchagua Franschhoek, bonde lililozungukwa na milima, lenye nyumba za kale zilizopakwa chokaa nyeupe. Cha tatu ni urahisi. Katika bonde hilohilo iko tramu inayowapeleka wageni kutoka shamba hadi shamba, hata isiwe lazima mtu kuendesha gari akiwa amekunywa.

Vipimo hivi ni halali. Hatuoni ubaya katika kupenda kilicho kizuri, na aliyelipa nauli yake ana haki ya kufurahi. Lakini angalieni: vyote vitatu vyamhusu mgeni peke yake, ulimi wake, macho yake na miguu yake. Wahenga wetu hawakuutazama ugeni hivyo. Walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Yaani kufika kwa mgeni kunapaswa kumletea heri yule anayemfikia. Tukiishika mithali hiyo, hatuna budi kuuliza: katika shamba la mizabibu, mwenyeji ni nani? Je, ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye chupa? Au ni pamoja na yule anayepogoa mizabibu wakati wa baridi na kukata vichala wakati wa jua kali?

Historia ya nchi ile yatulazimisha kuuliza. Jan van Riebeeck wa Kampuni ya Kidachi ya India ya Mashariki alifika Rasi mwaka 1652. Mvinyo wa kwanza ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1658, meli za kwanza zilizojaa watumwa zilikuwa zimetia nanga huko. Kwa hiyo mvinyo wa Rasi na utumwa wa Rasi ni watoto wa rika moja. Watumwa waliendelea kuletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Katika miaka ya 1770 meli za Kampuni zilifika hata Unguja kununua watu. Huenda basi miongoni mwa waliopalilia mizabibu ile walikuwamo waliosema lugha hii tunayoiandika hapa. Wengi walinyang'anywa hata majina yao, wakapewa majina ya miezi, kama vile Februari au Septemba.

Chukueni mfano wa shamba la Vergelegen, ambalo mpaka leo lasifiwa kwa miti yake mikubwa ya kafuri. Gavana Willem Adriaan van der Stel alilipata mwaka 1700, akaliendeleza kwa kutumia mali na watumwa wa Kampuni, mpaka walowezi wakamshtaki, naye akaondolewa mwaka 1707. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua jengo walimolala watumwa, walikuta chini ya sakafu mifupa ya mwanamke. Uchunguzi wa mifupa hiyo ulionyesha kwamba alikulia katika nchi ya joto, ndipo akaletwa Rasi. Jina la gavana twalijua. Jina la mama huyu halijulikani.

Utumwa ulifutwa kisheria tarehe 1 Desemba 1834, ila waliofunguliwa walishikwa miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi. Hata baada ya hapo ulibaki mtindo mwingine, uitwao dop, wa kuwalipa wafanyakazi sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, wakinyweshwa mara kadhaa kwa siku. Sheria iliukataza katika miaka ya 1960, lakini katika baadhi ya mashamba uliendelea kwa miaka mingi. Matunda yake hayajaisha. Kiwango cha watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili na akili kwa sababu mama alikunywa akiwa mjamzito, katika mkoa ule, ni miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyowahi kupimwa duniani. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya mashamba ya matunda na mvinyo, likaeleza habari za nyumba mbovu, dawa za kuulia wadudu zinazonyunyizwa bila kinga, na familia kufukuzwa mahali zilipoishi miaka mingi. Mwezi Novemba 2012 wafanyakazi wa mashamba ya zabibu za kula huko De Doorns waligoma, na mgomo ukaenea. Kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Kuanzia Machi 2013 kikawa randi 105.

Sasa mtu aweza kutuambia: "Mimi ni mgeni wa siku moja. Ni nani aliyenifanya hakimu juu ya watu?" Twajibu kwamba kuhukumu na kuchagua ni mambo mawili. Hakimu huwaita watu mbele yake, akawatoza adhabu. Mgeni hamwiti mtu, yeye huenda mwenyewe. Na kwa kuwa hawezi kwenda kote, atachagua tu, apende asipende. Akisema hataki kuchagua, tangazo la biashara litamchagulia.

Mwingine atasema, na neno lake ni zito zaidi: "Tukiyakwepa mashamba, watakaoumia kwanza ni wafanyakazi wenyewe." Ni kweli. Hata Human Rights Watch, baada ya kuandika yote yale, haikuwataka watu wasusie mvinyo wa Afrika ya Kusini, kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana hatuulizi tumwadhibu nani. Twauliza, kati ya nyumba tatu tutakazoingia, tumtie nguvu nani.

Wa tatu atasema kwamba mvinyo mzuri ni mzuri hata kama mwenye shamba ni mtu mbaya, na ulimi hausemi uongo. Hilo nalo twalikubali. Ila mvinyo ukiwa mzuri, huo ni ushahidi wa mikono yenye ustadi, na kadiri ulivyo mzuri ndivyo inavyofaa tuulize mikono hiyo ni ya nani, na inaishije.

Twajuaje, basi, kwa muda mfupi namna ile? Sisi tuliotumia maisha yetu katika kufundisha walimu tunamjua mkaguzi mzuri ni yupi. Asubuhi ya ukaguzi uwanja umefagiliwa, mawe ya njiani yamepakwa chokaa, na mwalimu mkuu humwongoza mgeni moja kwa moja hadi darasa lenye ubao ulioandikwa vizuri. Mkaguzi asiyeijua kazi huandika taarifa yake hapohapo. Aijuaye huomba kuona jiko, kisha choo, kisha humwuliza jina lake mtoto aliyeketi nyuma kabisa. Mashamba ya mizabibu nayo yana ubao wake mzuri, yaani chumba cha kuonjea. Jiko lake liko nyuma.

Mgeni hawezi kukagua nyumba za wafanyakazi, lakini aweza kufanya mambo matatu. Kwanza, kabla ya safari atazame kama shamba limethibitishwa na WIETA, chombo kilichoundwa mwaka 2002 kukagua jinsi wafanyakazi wanavyotendewa, na ambacho muhuri wake huonekana kwenye chupa. Pili, aangalie kama nyumba ile yasimulia habari za watu wake wote. Pale Groot Constantia, shamba lililoanzishwa na Simon van der Stel mwaka 1685, jumba la makumbusho laeleza pia maisha ya watumwa. Tatu, asiache kuwatafuta wale waliofungiwa mlango zamani na sasa wana mvinyo wao. Ntsiki Biyela, binti wa Kizulu, alipata ufadhili wa kusoma Stellenbosch mwaka 1999 akiwa hajaonja mvinyo maishani mwake, tena masomo yalitolewa kwa Kiafrikana, lugha asiyoijua. Mwaka 2004 alianza kazi ya kutengeneza mvinyo, mwanamke Mwafrika wa kwanza katika nchi yake kufikia cheo hicho. Baadaye alianzisha mvinyo wake mwenyewe, akauita Aslina, jina la bibi yake aliyemlea.

Twaonya pia kwamba nia njema peke yake haiendeshi shamba. Solms-Delta, karibu na Franschhoek, lilifungua makumbusho yake mwaka 2005 na kuwashirikisha wafanyakazi katika umiliki. Hata hivyo lilikuja kupatwa na matatizo makubwa ya fedha. Basi mgeni akiipata nyumba inayojitahidi kutenda haki, asiishie kuisifu na kupiga picha. Alipe ada ya kuonja bila kunung'unika, anunue chupa kama ana uwezo, na akirudi awaambie wenzake. Sifa zisizo na senti hazimponyi mwenyeji.

Hatusemi kwamba ulimi na macho yasipewe nafasi. Kati ya nyumba tatu, moja na ichaguliwe kwa ajili ya ladha na moja kwa ajili ya uzuri wa milima, ikiwa familia yataka hivyo. Ila ile ya kwanza, inayofikiwa asubuhi akili ikiwa bado safi na mfuko ukiwa bado na kitu, na ichaguliwe kwa ajili ya watu. Na popote atakapoketi, mgeni amwulize jina yule anayemmiminia, na amwite kwa jina hilo anapomshukuru. Katika nchi ambayo watu waliitwa Februari na Septemba, hilo si jambo dogo.