SAUTI ILIYOMZUIA MLINZI WA GEREZA

Somo: Matendo ya Mitume 16:25–34



Habari ya usiku ule wa Filipi wengi wetu tunaijua tangu mafundisho ya Kipaimara. Paulo na Sila walikuwa wamepigwa fimbo, miguu yao imetiwa katika mkatale, nao walikuwa wakiomba na kumwimbia Mungu. Nchi ikatetemeka, milango ikafunguka, vifungo vikalegea. Mara nyingi tukiisoma habari hii twaishia kwenye ile milango, twasifu uweza wa Mungu, kisha twaketi. Leo twataka kumtazama mtu ambaye kwa kawaida twampita upesi, yaani yule mlinzi wa gereza.

Filipi ulikuwa mji wa askari. Baada ya vita kubwa iliyopiganwa hapo mwaka 42 kabla ya Kristo, watawala wa Kirumi waliwapa mashamba huko askari waliomaliza utumishi wao, na mji ukawa koloni la Kirumi. Wafafanuzi wengine wa Maandiko hudhani kwamba mlinzi huyu naye alikuwa askari wa zamani aliyepewa kazi ya kumsaidia kuishi baada ya jeshi. Hatuwezi kuapa juu ya jambo hilo, lakini mwenendo wake ni wa askari. Aliamka, akaona milango wazi, akadhani wafungwa wote wamekimbia. Alijua askari aliyepoteza wafungwa atadaiwa nini. Tumesoma katika sura ya 12 ya kitabu hicho hicho jinsi Herode alivyowafanyia walinzi wa Petro. Akaona amekwisha. Hakuuliza mtu wala hakuita mkewe. Alichomoa upanga ili aiondoe roho yake mwenyewe.

Tutafakari neno moja hapa: mtu yule alikuwa amekosea. Aliamini kuwa wote wamekwenda, kumbe hakuna hata mmoja aliyeondoka. Giza lilimwambia uongo, naye alikuwa tayari kufa kwa ajili ya uongo huo. Ndivyo ilivyo huzuni ile nzito inayomfikisha mtu kwenye kujiua. Humwambia kwamba hana mtu tena, hana kazi, hana heshima, na nyumba yake itapata nafuu akiondoka. Ni uongo, lakini aliye gizani hawezi kuutambua peke yake. Anahitaji sauti ya mwingine.

Kwa nini tunayasema haya hapa Lukuledi? Kwa sababu bonde letu hili halikuanza jana kupokea watu waliotoka vitani. Maji Maji ilipita huku mwaka 1905. Mwezi wa Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa na hapa hapa Lukuledi, na wenyeji walibeba mizigo ya wote wawili. Wazee wengine walikwenda Burma na KAR katika Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, wanajeshi na mgambo walitoka kila mkoa, wakaenda mpaka Kampala ilipotwaliwa mwezi wa Aprili 1979. Baadaye askari wetu walikwenda Msumbiji, na katika miaka hii wamekwenda Darfur na Kongo. Hatujasahau tarehe 7 Desemba 2017, waliposhambuliwa huko Kivu Kaskazini, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa usiku mmoja. Kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka waliokufa. Ni vema na haki. Lakini ni nani huwakumbuka waliorudi?

Wanaorudi hufanya kazi gani? Wachache hupata ulinzi au ofisi. Wengi huingia katika ujenzi. Jeshini na JKT walijifunza kuchanganya zege, kusuka nondo, kupaua na kupiga lipu. Korosho zikinunuliwa vizuri, kila kijiji kuanzia Masasi hadi Newala kina nyumba inayopandishwa, na fundi hakosi kibarua. Kazi hii ni njema. Mikono iliyojifunza kubomoa hujifunza kuinua. Hata katika kitabu cha Nehemia, sura ya 4, waliojenga ukuta wa Yerusalemu walikuwa askari na waashi kwa wakati mmoja. Mkono mmoja ulishika kazi na wa pili ulishika silaha.

Walakini kazi hii ina majaribu yake, na tuyataje waziwazi. Mtu aliyekuwa sajini na kuamuru watu thelathini anajikuta saidia fundi, anabeba ndoo ya zege, naye anaamriwa na kijana aliyemzidi umri. Kazi ni ya msimu: bei ya korosho ikianguka, msingi unaota majani, na fundi anakaa miezi bila shilingi. Bati likianguka kwa kishindo, wenzake wanacheka, lakini yeye moyo umekwisha kurudi mahali pengine, jasho linamtoka. Jioni anaachwa peke yake saitini alinde saruji na nondo, na usiku ndio wakati kumbukumbu zinapokuja. Ndipo anapotafuta uraka wakati wa mabibo, na gongo wakati mwingine wote, ili apate usingizi. Pombe haileti usingizi wa kweli. Huongeza huzuni, huondoa woga, na kumsukuma mtu kutenda asilolitenda akiwa na akili zake.

Basi tusiseme juu ya mtu kama huyu kwamba amerogwa, wala kwamba ni mwoga, wala kwamba imani yake ni haba. Eliya nabii hakuwa mwoga, naye aliketi chini ya mti jangwani akamwomba Mungu amtwae afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, akampa chakula na maji, mara mbili, ndipo akasema naye. Waganga wa hospitali watatuambia kwamba maradhi ya akili yatokanayo na vita ni maradhi kama mengine, yana dalili na yana tiba. Na si maradhi ya askari peke yao: Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka ulimwenguni.

Tumtazame Paulo sasa, maana alifanya mambo matatu ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya.

Kwanza, alitambua. Alikuwa ndani, gizani, mgongo unamwuma, lakini alitambua mwenzake yuko katika hatari. Sisi nasi tutambue. Mtu aliyekuwa mcheshi amenyamaza. Halali, au analala mchana kutwa. Anagawa vyombo vyake vya kazi, mwiko, timazi na pima maji, kana kwamba hatavihitaji tena. Anasema yeye ni mzigo, au kwamba mtamkumbuka. Ameacha kuja Misa. Mara nyingi mkewe ndiye anayeona kwanza, naye huona haya kusema. Akina mama wa Umoja, msikilizeni mwenzenu kabla hajalia. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hakuna ajuaye maana ya neno hilo kuliko mwashi.

Pili, alipaza sauti. Hakunong'ona wala hakungoja asubuhi. Wengi wetu tunaogopa kumwuliza mtu habari ya kujiua, tukidhani kwamba tutamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Wenye elimu ya mambo haya wamehakikisha kwamba sivyo. Kuulizwa kwa upendo humpa mtu nafasi ya kutua mzigo. Basi mwite faraghani, umwulize kwa maneno ya wazi: ndugu yangu, je, umefikiri kujiua? Kisha nyamaza, usikilize. Usimhubirie, usimkaripie, usimwambie habari za wengine walioteseka kuliko yeye. Sisi watu wa kusini tuna utani, na mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo ndugu wa tumbo moja hawezi kulitamka. Hapa ndipo mtani wa kweli ajulikane.

Tatu, alimhakikishia kwamba wote wapo. Hili ndilo lililoushusha ule upanga. Paulo hakumpa hoja ndefu. Alimpa habari ya kweli, kwamba hajaachwa. Kisha tazama yaliyofuata: mlinzi alitaka taa, akawatoa, akawaosha majeraha, akawapeleka nyumbani kwake, wakala chakula pamoja, naye akabatizwa usiku ule ule pamoja na watu wake wote. Aliyekuwa karibu kufa alikuwa akiwaosha wengine majeraha kabla hakujapambazuka. Hivyo basi, mtu akituambia kwamba anafikiri kujiua, tusimwache peke yake hata saa moja. Tukae naye, tulale kwake au alale kwetu. Dawa za mikorosho na vitu vyote vya hatari viondolewe nyumbani, vikafungiwe kwa jirani anayeaminika. Wimbi lile kali mara nyingi halidumu. Likimpita salama, wengi hushukuru kwamba wako hai. Na mapema iwezekanavyo tumsindikize kwenye zahanati, au Hospitali ya Mkomaindo pale Masasi, au Ndanda, naye mganga ataamua kama apelekwe mbele zaidi. Tumsindikize, tusimtume. Akipewa dawa, tumsaidie kuzitumia. Na padre aje kumwombea na kumpaka mafuta. Sala na dawa havigombani.

Tunawasihi pia mafundi wakuu na wenye nyumba. Mlipeni mtu ujira wake siku ileile mliyoahidi, kwa fedha na si kwa pombe. Msimweke askari wa zamani kulala saitini peke yake. Mpeni mwenzi wa kazi, wawili kwa jukwaa moja. Nehemia alijua kwamba watu wake wametawanyika juu ya ukuta, kila mmoja mbali na mwenzake. Kwa hiyo alimweka mpiga baragumu karibu naye, akaagiza kwamba itakaposikika, wote wakimbilie pale. Kila saiti iwe na baragumu yake, yaani mtu mmoja ambaye wote wanajua kwamba anaweza kuitwa, hata usiku wa manane.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi kama Kanisa. Askofu Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, alijulikana kwa kuliingiza jando katika maisha ya Kanisa. Alifahamu jambo ambalo wazee wetu walilifahamu zamani: kijana aliyetengwa na kijiji hawezi kurudi kimyakimya. Huoshwa, huvikwa nguo mpya, hupokewa kwa nyimbo, ili yeye na kijiji wajue kwamba amerudi. Askari wetu ametengwa miaka, ameona damu, kisha anashuka kwenye basi usiku na begi lake, na asubuhi anatafuta kibarua. Nani amempokea? Tungependa Halmashauri ya Mtaa ifikiri jambo hili: kila mwana wetu arudiye kutoka jeshini aitwe mbele ya altare, Kanisa litoe shukrani, na wazee wawili watajwe kwa majina, ambao watamtembelea mwaka mzima.

Mwisho, tuseme juu ya wale ambao sauti haikuwafikia kwa wakati. Zamani Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kiliagiza kwamba ibada ya maziko isisomwe juu ya mtu aliyejiua, na Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kutoka wakati wa ukoloni iliandika jaribio la kujiua kuwa kosa. Huko Kenya, mwezi wa Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya namna hiyo inapingana na Katiba yao. Woga wa kufungwa na woga wa aibu umewafanya wengi wafiche maradhi yao, na mficha maradhi kifo humwumbua. Hatusemi kwamba kujiua ni jambo jema; uhai ni mali ya Mungu, na kifo hiki huacha jeraha lisilopona upesi. Lakini hukumu si yetu. Msiba wa namna hii ukitokea, twende matangani kama tuendavyo kwingine, tupike, tuchote maji, tukae na mjane na watoto. Tusiulize maswali ya udadisi wala tusieneze habari za jinsi ilivyotokea. Wale waliobaki nao wamo gizani, nao wanahitaji kusikia kwamba tupo.

Ndugu yetu uliyevaa magwanda zamani, na leo umeshika mwiko, pengine unayasoma haya ukiwa peke yako. Kama upanga umo mkononi mwako usiku huu, hebu uweke chini hata mpaka asubuhi, ukabishe hodi katika nyumba iliyo karibu. Uliyoyaona vitani si aibu kuyasema. Hatujakimbia. Mtaa mzima upo, na taa inaletwa.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyehuzunika katika bustani hata jasho likawa kama damu, ukawaomba rafiki zako wakeshe nawe, nao wakalala: utuamshe sisi. Utupe macho ya kutambua, kinywa cha kuita, na miguu ya kwenda usiku. Uwaponye watumishi wako waliorudi kutoka vitani, uibariki kazi ya mikono yao, na uwapokee kwa rehema waliokwisha kufa. Nawe uliye jiwe kuu la pembeni, utujenge sote kuwa nyumba moja. Amina.